Moyo Mwema na Mkono Uliofundishwa

Jumapili ya Tano ya Pasaka, Mwaka A
Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7



Wapendwa wasikilizaji, mlio majumbani, mlio vitandani hospitalini, mlio safarini, na ninyi makatekista mliowakusanya waamini chini ya mwembe kwa kuwa padre hakuweza kufika kigangoni leo, tunawasalimu nyote kwa amani ya Kristo Mfufuka.

Somo la kwanza la Jumapili hii latupa habari ambayo huenda ikatushangaza. Kanisa lingali changa kabisa. Waamini wanasali pamoja na kumega mkate pamoja. Wenye mashamba wameyauza na kuweka fedha miguuni pa Mitume. Na katikati ya upendo huo wote, manung'uniko yanazuka. Wajane wa wale wasemao Kiyunani wanasahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku.

Tuangalie vema, ndugu wapendwa. Kitabu hakisemi kwamba kulikuwa na mwizi. Hakisemi kwamba chakula kilikuwa hakitoshi. Wala hakisemi kwamba Mitume hawakuwapenda wajane wale. Chasema tu kwamba idadi ya wanafunzi ilikuwa imeongezeka. Nasi twaweza kuelewa yaliyofuata, maana yanatokea hata kwetu. Kazi iliwazidi walioifanya, na utaratibu haukuwapo. Upendo ulikuwapo, lakini bakuli la mjane lilikuwa tupu.

Mitume walifanyaje? Hawakuwakemea wajane kwa kunung'unika. Hawakusema, "Tusali tu, mambo yatatengenea yenyewe." Waliwaita wanafunzi wote, wakalitaja tatizo waziwazi, wakaagiza wachaguliwe watu saba. Sifa walizozitaka zilikuwa tatu: wawe watu wanaoshuhudiwa wema, wawe wamejaa Roho, na wawe na hekima. Sifa mbili za kwanza sisi huzikumbuka kila tunapofanya uchaguzi wa viongozi wetu. Ile ya tatu ndiyo tunayoisahau. Hata kwa kazi ya kugawa chakula, Mitume walitaka mtu ajuaye afanyalo.

Wapendwa katika Kristo, tunaomba tuwasimulie jambo lililotokea katika jumuiya moja ndogo ya Kikristo tunayoifahamu. Hatutaitaja jina, wala hatutamtaja mhusika. Lakini tunalisimulia kama watu tuliokuwapo, na tulioshiriki katika kosa.

Jumuiya ile ilikuwa na mfuko wa kufa na kuzikana. Kila nyumba ilitoa mchango mdogo kila mwezi, ili atakapofariki mmoja wetu tusihangaike kutafuta sanda, jeneza na chakula cha waombolezaji. Ulipofika wakati wa uchaguzi, sote tulimnyoshea kidole mama mmoja mjane. Hakukosa sala ya jumuiya hata siku moja. Alikuwa wa kwanza kufika penye msiba na wa mwisho kuondoka. Tukampigia makofi, tukamkabidhi kopo la fedha na daftari la shule, tukasali Baba Yetu, tukaenda zetu. Kuanzia siku ile akawa mweka hazina wetu.

Mama yule aliandika majina ya waliolipa. Hilo alilijua. Lakini usiku, mtu alipobisha hodi na kusema, "Mama, mtoto amezidiwa, hatuna nauli ya kufika hospitali," yeye alifungua kopo na kutoa. Hakuandika. Moyoni mwake aliona kwamba tendo la huruma haliandikwi, kwani Bwana amesema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Nani alikuwa amemweleza kwamba fedha ya jumuiya ni tofauti na sadaka ya mfukoni mwake? Hakuna. Nani alikuwa amemwonyesha namna ya kuandika kilichotoka, na kutafuta salio? Hakuna.

Ulipita mwaka na zaidi. Mzee mmoja akafariki, nasi tukalifungua kopo mbele ya watu. Fedha zilipungua sana. Pale pale uani, maiti ingali ndani, maneno yakaanza. Mmoja alinong'ona, wa pili akasema kwa sauti, na wa tatu akauliza bati jipya la nyumba ya mama yule lilitoka wapi. Yeye hakujitetea. Siku iliyofuata aliuza mbuzi wake wawili, akaleta fedha, akaziweka mezani na kuondoka. Tangu hapo hatukumwona tena katika jumuiya, wala kanisani.

Miezi kadhaa baadaye, mzee mmoja mstaafu aliyepata kuwa karani wa chama cha ushirika alilichukua lile daftari, akaketi nalo kwa utulivu. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza. Nyumba ya kwanza walisema, "Kweli, mama alitupa nauli, mtoto alipougua." Nyumba ya pili hivyo hivyo. Na ya tatu. Waliona haya kusema mapema, maana hakuna aliyekuwa amerudisha. Mzee yule alipojumlisha yote, alikuta kwamba mama hakuchukua hata senti moja. Tena, kwa kuuza mbuzi wake, alikuwa ameilipa jumuiya kuliko kile kilichopungua.

Wazee walikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, nasi tukiwamo. Aliwakaribisha, akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole: "Wazee wangu, mlinipa kopo na daftari. Hakuna aliyenionyesha namna ya kuandika."

Ndugu wapendwa, maneno hayo hayajatutoka masikioni. Tulidhani tumemheshimu mama yule kwa kumpa cheo. Kumbe tulimtwika mzigo bila kumpa kata ya kichwani, na mzigo ulipoanguka tukamlaumu yeye. Jambo tunalotaka kulitafakari nanyi leo ni hili: kumpa mtu kazi ya kujitolea bila kumfundisha ni kumdhulumu. Tunamdhulumu yeye, na tunawadhulumu wale atakaowahudumia.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashua haielei kwa sababu mwenyewe ni mcha Mungu. Yaelea kwa sababu fundi alijua kuchagua mbao, kuziunganisha na kuziba nyufa. Na fundi huyo naye aliketi kwanza miguuni pa fundi mwingine. Mbona basi tunataka kikundi cha kina mama, kamati ya maendeleo ya kigango, chama cha kutunza yatima au kwaya ya vijana vielee tu vyenyewe, kwa kuwa wanachama wake wana nia njema?

Tumtazame Bwana wetu Yesu Kristo, tuone jinsi alivyowaandaa watu wake. Injili ya Marko, sura ya tatu, yasema aliwachagua Kumi na Wawili kwanza wapate kuwa pamoja naye, ndipo awatume. Kukaa naye kulitangulia kutumwa. Katika sura ya sita anawatuma wawili wawili, hakumtuma mtu peke yake. Waliporudi walimpa taarifa ya yote waliyoyatenda na kuyafundisha, naye akawasikiliza, akawachukua mahali pa faragha wapumzike kidogo. Na katika sura ya tisa, waliposhindwa kumponya kijana mwenye pepo, mbele ya umati wa watu, walimwuliza sababu walipokuwa nyumbani, faraghani. Naye akawaeleza huko huko nyumbani.

Hapo tuna shule nzima, ndugu zangu: kukaa na anayejua, kufanya kazi na mwenzio, kutoa taarifa, kupumzika, na kusahihishwa kwa staha. Bwana alimsahihisha mwanafunzi wake ndani ya nyumba. Sisi tulimsahihisha mama yule uani, mbele ya waombolezaji.

Kanisa limelifundisha jambo hili kwa muda mrefu. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya shughuli za kimisionari za Kanisa, iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, ulisifu kazi kubwa ya makatekista. Lakini haukuishia kwenye sifa. Uliagiza ziongezwe shule za majimbo na za kanda, makatekista wajifunze humo mafundisho ya imani, Maandiko Matakatifu na liturujia, pamoja na namna ya kufundisha. Uliagiza ziwepo semina za mara kwa mara za kuwaburudisha katika elimu na katika roho. Tena uliagiza kwamba wale wanaojitoa kabisa kwa kazi hiyo wapate riziki ya haki na hifadhi ya maisha. Na tarehe 10 Mei 2021 hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliuweka rasmi utume wa katekista kuwa huduma katika Kanisa zima, akitaka wanaoitwa kuipokea wapate malezi yanayofaa ya Biblia, teolojia, uchungaji na ufundishaji.

Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki na Kati, katika mikutano yao ya AMECEA iliyofanyika Nairobi mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa katika nchi zetu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Uamuzi huo ulikuwa wa baraka kubwa. Lakini tufikirie maana yake. Kila jumuiya yahitaji mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mwalimu wa watoto, mtu wa kuongoza sala na mtu wa kuangalia wagonjwa. Parokia yenye jumuiya arobaini yahitaji watu zaidi ya mia mbili, na karibu wote ni wakulima, wachuuzi, mafundi na kina mama wa nyumbani, wanaoifanya kazi ya Kanisa baada ya kazi yao ya siku nzima. Jeshi hilo kubwa la watu wa kujitolea, je, tumelifundisha?

Nchi yetu nayo ina mafunzo ya kutupa. Wazee mnaotusikiliza bila shaka mnaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Kila juma vikundi vya watu vilikusanyika vijijini kusikiliza kipindi cha redio juu ya malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine. Walioshiriki walikuwa watu wapatao milioni mbili. Lakini redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Kabla kipindi cha kwanza hakijatangazwa, waliandaliwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, ngazi kwa ngazi, kutoka taifa hadi kijiji. Walifundishwa namna ya kuendesha mazungumzo, namna ya kukitumia kijitabu, na namna ya kukisaidia kikundi kuamua kitakachofanya. Redio ilipozimwa, alibaki mtu wa kuuliza, "Haya, jamani, sisi hapa kwetu tutafanya nini?" Na vyoo vikachimbwa, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Hata mahubiri haya tunayoyasema leo yatapotea hewani, asipokuwapo katekista aliyefundishwa kuwauliza waamini swali lile lile.

Tena tukumbuke Nyegezi, karibu na Mwanza. Mwaka 1960, chini ya uongozi wa Askofu Joseph Blomjous, palianzishwa chuo cha mafunzo ya huduma za jamii. Askofu yule aliona kwamba watu wa huruma peke yao hawataijenga nchi iliyokaribia kupata uhuru, kama hawana ujuzi wa kuendesha mambo ya jamii. Mbegu ile ilikua, na mwaka 1998 ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Vivyo hivyo Moshi, ambako wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika tangu mwaka 1933, palifunguliwa Chuo cha Ushirika mwaka 1963. Watu wa ushirika walijua kwamba chama hakisimami kwa nia njema bila mtu wa kutunza vitabu.

Wapendwa wasikilizaji, pengine mwasema: fedha zikipotea, zitatafutwa nyingine. Ni kweli. Lakini kuna mahali ambapo ukosefu wa mafunzo hugharimu uhai. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata, waamini wengi, hasa kina mama, waliingia katika nyumba ambazo hata ndugu walikuwa wamezikimbia. Waliosha wagonjwa, wakawapikia, wakawashika mikono walipokata roho. Mungu aliyaona yote hayo, na thawabu yao iko kwake.

Lakini waliofanya kazi hiyo wanajua jinsi walivyohitaji kufundishwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili, vinginevyo mwili huoza kwa vidonda vya kulalia. Upendo usiojua hilo utamwacha alale kwa amani, nao utakuwa unamwumiza. Anayeosha vidonda avae glavu, kwa usalama wake na wa mgonjwa. Mtoto anayeharisha apewe maji yenye dawa ya pakiti kutoka zahanati. Na ikikosekana, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi, yaweza kumdhuru mtoto. Mwenye huruma bila elimu atamwaga chumvi kwa kukisia. Mwenye huruma aliyefundishwa atapima. Msamaria mwema naye alijua la kufanya: alitia mafuta na divai, akafunga majeraha, akampeleka majeruhi nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi kuangalia hesabu. Huruma yake ilikuwa na utaratibu.

Hapa, ndugu wapendwa, husikika sauti tatu za kupinga. Tuzijibu kwa unyenyekevu.

Sauti ya kwanza yasema: "Roho Mtakatifu atawafundisha." Ndiyo, Roho hufundisha. Lakini someni Kitabu cha Kutoka, sura ya thelathini na moja na ya thelathini na tano. Bezaleli alijazwa Roho ya Mungu, na tunda la Roho huyo lilikuwa ujuzi wa kufua dhahabu, kuchonga vito na kuchonga mbao. Tena Mungu alitia moyoni mwake, yeye pamoja na Oholiabu, kipawa cha kuwafundisha wengine. Basi semina ya hesabu za kikundi si adui wa Roho Mtakatifu. Yaweza kuwa njia yake.

Sauti ya pili yasema: "Hatuna fedha za semina." Tusitazame mbali. Katika kanisa lile lile mnamosali Jumapili, mna mwalimu mstaafu, mna muuguzi, mna karani, mna mama anayeendesha kikundi chake cha kuweka na kukopa bila kupoteza senti. Je, tumewahi kuwaomba? Jumamosi moja, chumba cha darasa la katekesi, daftari, kalamu na chai ya rangi vyatosha kwa kuanzia. Sisi hukusanya michango mikubwa ya kujenga mnara wa kanisa, na ni vema. Lakini somo la pili la leo, kutoka Waraka wa kwanza wa Mtakatifu Petro, latukumbusha kwamba sisi wenyewe ndio mawe hai ya nyumba ya Mungu. Jiwe la mnara tunalichonga kwa gharama. Jiwe lililo hai twaliacha bila kuchongwa.

Sauti ya tatu husemwa chini chini: "Tukiwafundisha, wataondoka." Kijana akijua kuandika vitabu vya fedha ataajiriwa mjini, mhudumu wa wagonjwa akipata cheti ataitwa na shirika lenye mshahara. Hili hutokea, nalo huuma. Lakini tumwangalie Apolo katika Matendo ya Mitume, sura ya kumi na nane. Alikuwa msemaji hodari, mwenye bidii, ila alijua ubatizo wa Yohane tu. Priska na Akwila, mke na mume, mafundi wa kushona mahema, hawakumwaibisha katika sinagogi. Walimchukua kwao, wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Baadaye Apolo alitaka kuondoka kwenda Akaya. Je, ndugu wa Efeso walimzuia? Walimtia moyo, wakamwandikia barua ya kumtambulisha, naye alipofika huko akawa msaada mkubwa kwa waamini. Mtu tuliyemfundisha akienda, ameenda katika shamba lile lile la Bwana. Na tujiulize pia kwa haki: pengine anaondoka kwa sababu hatukumrudishia hata nauli yake ya baiskeli, wala hatukumwambia asante.

Basi tufanye nini? Tupendekeze mambo manne, mepesi ya kutosha kuanza mwezi huu.

Kwanza, pasiwe na uchaguzi bila makabidhiano. Kiongozi wa zamani aketi na kiongozi mpya kwa muda wa miezi mitatu, mmoja akifanya, mwingine akitazama, kisha wabadilishane. Katibu mpya aone kumbukumbu za mkutano zinavyoandikwa. Katekista mpya amsikilize mkongwe akifundisha watoto, naye mkongwe amsikilize mpya bila kumkatiza mbele yao.

Pili, kila mfuko wa fedha uwe na ulinzi unaomlinda kwanza mtunzaji wake. Daftari liwe na safu tano: tarehe, maelezo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, na salio. Kila malipo yawe na stakabadhi au sahihi ya aliyepokea. Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo zake zikae kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, kama vifanyavyo vikundi vingi vya kuweka na kukopa. Salio lisomwe kwa sauti katika kila mkutano wa mwezi. Mambo haya hayamaanishi kwamba hatumwamini mweka hazina. Yanamaanisha kwamba tunampenda, wala hatutaki siku moja asimame peke yake mbele ya macho ya watu.

Tatu, halmashauri ya parokia itenge kila mwaka fungu la kufundisha watu, hata likiwa dogo, nalo liandikwe katika makisio pamoja na mishumaa na divai. Wahesabiwe waamini wenye ujuzi, waombwe kwa heshima, na wapangiwe zamu. Muuguzi afundishe wanaotembelea wagonjwa. Karani afundishe waweka hazina. Mwalimu afundishe makatekista namna ya kuuliza maswali na kumsubiri mtoto ajibu.

Nne, tuwape watu wa kujitolea pumziko na shukrani. Bwana aliwaita Mitume wake wapumzike. Sisi humtumikisha mama mmoja katika kamati tano mpaka anaugua, kwa sababu tu hajui kukataa. Tufundishe wengi, ili mzigo ugawanywe. Ndivyo Yethro alivyomshauri mkwewe Musa, aliyekuwa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Alimwambia kwanza awafundishe watu njia, kisha achague wenye uwezo, wamchao Mungu na wachukiao rushwa, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Yethro aliona kwamba bila hivyo Musa angechoka, na watu wangechoka pamoja naye.

Wapendwa katika Kristo, tunarudi kwa wajane wa Yerusalemu. Wale saba walipochaguliwa, Mitume walisali, wakawawekea mikono. Mara baada ya hapo kitabu chasema kwamba neno la Mungu lilizidi kuenea, na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana. Mgawo wa chakula ulipotengenezwa, Injili ikaenda mbele. Watu wanaotutazama kutoka nje hawasomi kwanza hati za Mtaguso. Husoma daftari letu la michango. Hutazama jinsi tunavyomtunza mgonjwa, na jinsi tunavyomtendea aliyekosea.

Mtapenda kujua habari za mama yule. Alisamehe. Fedha yake aliyolipa zaidi alirudishiwa mbele ya jumuiya nzima, naye akarudi kanisani. Lakini tangu siku ile hakukubali tena cheo chochote. Kila tunapofanya uchaguzi tunamtazama, naye anainamisha macho. Tulimpoteza mtumishi mwaminifu kuliko sote, kwa ajili ya somo ambalo lingefundishwa katika Jumamosi moja. Tusimpoteze mwingine.

Juma hili basi, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani katika jumuiya yangu tumemtwika kazi tusiyomfundisha? Aende kwake kabla ya Jumapili ijayo, wala asiende kumkagua. Aende aketi naye na kumwuliza, "Ndugu yangu, ni wapi panapokupa taabu, tujifunze pamoja?"

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemjaza Bezaleli ujuzi, na kuwapa Kanisa lako wahudumu saba wenye hekima, wabariki wote wanaojitolea katika jumuiya, vikundi na vyama vyetu. Utusamehe tuliowatwika mizigo na kuwaacha peke yao. Utupe moyo wa kufundisha na moyo wa kufundishwa, ili mjane asisahauliwe mezani, mgonjwa asiumizwe na mkono unaompenda, na mtumishi mwaminifu asiaibishwe. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu Mwenyezi awabariki nyote, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Jumapili njema.